Mluzi Kooni mwa Saifu

Uwatu ukichemka haubishi hodi. Wiki iliyopita jirani yetu hapa Al-Nuzha, Jeddah, alijifungua, binti yangu akateleka sufuria la uwatu na shayiri ampelekee mzazi, na ile harufu ikapanda ngazi, ikapita chini ya mlango, ikanikuta kitandani nimenyoosha magoti yangu haya yasiyokunjika tena. Ni harufu chungu, nzito, ya kukamata kooni, na kesho yake unainusa kwenye jasho lako mwenyewe. Wengine wakiisikia wanafikiria uzazi. Mie nafikiria farasi, na nikifikiria farasi namkumbuka Maulidi, na nikimkumbuka Maulidi, nisiwafiche, naona raha ambayo haifai kusemwa msikitini.

Siku hiyo harufu haikuja peke yake. Sebuleni wajukuu zangu wawili walikuwa wameinamia simu wanabishana habari za mbio kubwa za Riyadh, zile za farasi wa miaka mitatu. Huyu anasema farasi wake kapangiwa mlango wa kuanzia wa upande wa ndani, kona zote zake. Yule anasema mlango si kitu, umbali ndio utakaosema, na baba wa farasi huyo hakupata kushinda mbio ndefu maisha yake yote. Wanabishana kwa Kiarabu, wakikasirika wanaingia kwenye Kiswahili, maana matusi ya kwetu yana uzito. Nikawa nacheka peke yangu. Wanajua nasaba, wanajua kilo za mpanda farasi, wanajua sekunde. Lakini hapana hata mmoja wao aliyewahi kusimama kwenye uzio wa uwanja alfajiri akasikiliza farasi anavyovuta pumzi.

Baba yangu alisimama.

Baba aliitwa Faki, Mpemba, na alikuwa saisi, yaani mtu wa kutunza farasi, kwenye banda la tajiri mmoja wa Riyadh. Sisi tulikaa Al-Suwaidi, vyumba viwili na jiko, mimi na yeye na mama. Nilikwenda chuoni, nikasoma Kurani yangu, nikajifunza kuandika hati nzuri ya kupendeza macho. Skuli ya serikali niliiona miaka miwili tu, kwa hiyo maneno yangu yakienda upande, nyoosheni wenyewe, mie sina rula.

Nilikuwa na miaka kumi. Na huko bandani alikuwako farasi mmoja mwekundu, Marjani, wa damu ile ya Kiingereza wanayoifuga kwa mbio. Baba ndiye aliyempokea kwa mikono yake alipozaliwa, karibu miaka mitatu nyuma. Alirudi nyumbani siku ile shati limelowa mpaka kiunoni, mama akamwambia avulie nje, na yeye akasimama pale mlangoni anacheka kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Uwatu wa Marjani ulipikwa jikoni kwetu, kwa sababu baba alisema mpishi wa bandani anauunguza. Tulinuka uwatu sote. Watoto wa chuoni waliniita Uwatu, nikapigana nao, nikapigwa, nikazoea.

Sasa nikuelezeni jambo moja ili mnifahamu. Farasi wa mbio wanaongezwa umri wote pamoja, mwaka unapoanza, aliyezaliwa mwezi huu na aliyezaliwa mwezi ule sawasawa. Na yale mashindano ya wa miaka mitatu, farasi anayakimbia mara moja tu katika uhai wake. Akikosa, mwakani ni wa miaka minne, hana nafasi tena. Kwa hiyo baba alikuwa akihesabu kwa vidole tangu siku ile ya shati lililolowa. Alitaka kitu kimoja tu: siku hiyo Marjani akitoka uwanjani, kamba awe ameishika yeye.

Tulikuwa pia na baraza yetu. Ilikuwa kwa Mzee Kombo, fundi cherehani wa mtaani. Kila suruali aliyoishona Mzee Kombo mguu mmoja ulizidi, nami naamini watu walimpa kazi kwa ajili ya ile baraza tu. Kila Alhamisi baada ya Alasiri Waswahili waliokuwa madereva, wapishi na masaisi walikusanyika pale kuzungumza mbio za kesho. Kila mtu anataja farasi wake na anatoa sababu, wenzake wanamkatakata, anajitetea. Kamari hapana, ni haramu, wala hawakuihitaji, kwa sababu walichokiweka ni heshima zao. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi. Macho ya Mzee Kombo yalikwisha kwa sindano, basi nilipewa chaki yake ya kuchorea vitambaa, nikaandika kwenye mlango wa bati jina la mtu na jina la farasi wake. Yakabaki pale, mtaa mzima usome.

Na adhabu ilikuwa kukaa viatuni. Ambaye farasi wake amefanya vibaya kuliko wa wenzake wote, Alhamisi inayofuata haketi mkekani. Anakaa mlangoni penye viatu, anavipanga, anawamiminia watu kahawa na kila anayetaka kumcheka anamcheka. Kwa mbio za kawaida ni Alhamisi moja. Kwa mbio za miaka mitatu ilikuwa mpaka mwisho wa msimu, mpaka farasi wapelekwe Taif kukimbia joto. Watu wazima wenye ndevu zao walipaogopa viatuni kuliko homa.

Maulidi hakuwahi kukaa viatuni. Alikuwa dereva wa nyumba kubwa ya Al-Hamra, Jeddah, na bosi wake alipenda farasi kupita kiasi, basi wakati wa mbio akimpandisha Riyadh karibu kila wiki. Maulidi akishamshusha bosi kwa jamaa zake, anakuja kwa Mzee Kombo na miwani yake myeusi na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alikuwa rafiki ya baba, walikuja nchi hii mwaka mmoja. Mie nilimwita ami. Na ami alijua kutabiri, wallahi alijua. Watu walisema ana kipaji.

Kipaji chake kilikuwa mimi.

Nalisema hili wazi, maana nimezeeka na sina wa kumwogopa. Baba alikuwa na sharti lake: habari za bandani zinabaki bandani. Lakini nyumbani, mbele ya sahani yake, alimsimulia mama kila kitu, nani kala, nani kakataa shayiri, nani kachechemea. Nami nipo pale. Kisha ami Maulidi anafika na kopo la halua ya ufuta, ananikuta nafagia mlangoni, ananiuliza kama mchezo, "Mize mwanangu, baba kasema nini wiki hii?" Nami nasema. Mtoto wa miaka kumi, halua mkononi, ningesema hata siri za serikali.

Mwaka ule baridi ilipoanza nilimwambia Marjani anakohoa. Baba alikuwa na wasiwasi, alitaka apumzishwe siku kumi, alikuwa hajaamua vipi amwambie mkufunzi. Maulidi akambebea bosi wake habari hiyo. Bosi wake akamcheka mwenye banda mbele ya wageni, akamwambia, farasi wako mwekundu anakohoa kama kizee. Kumbe mwenye banda mwenyewe hajui. Akarudi bandani moto unamtoka, akauliza nani kapeleka habari za farasi wake Jeddah. Baba akasema, mimi ndiye saisi wake, la farasi huyu ni langu.

Halas, yamekwisha. Wakampokonya kamba. Walimpa kamba kijana mwingine, baba wakampa gari la mkono la kuzolea samadi, na kufagia njia ya kando ya uzio alfajiri farasi wanapofanya mazoezi. Aende wapi? Ikama yake, kile kibali cha kuishi, iko kwa yule yule tajiri. Mama alilia. Baba alikula ubwabwa wake akasema chumvi imezidi kidogo, basi.

Mie nilijua vizuri nani kasema. Kama Maulidi angekuja akaona haya, akainamisha kichwa, pengine ningejichukia mwenyewe tu na yakaishia hapo. Lakini Alhamisi iliyofuata aliingia kwa Mzee Kombo, akamwona baba na suruali yake yenye samadi, akasimama, akainua mkono kama askari.

"Mpisheni mheshimiwa," akasema. "Waziri wa Mavi anapita."

Baraza nzima ikacheka. Mzee Kombo alicheka mpaka akatema sindano. Baba naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichonichoma, kwa sababu hakikufika machoni. Nilikuwa nimesimama na chaki yangu. Niliivunja vipande viwili bila kujua. Tangu siku hiyo nilimchukia Maulidi kwa chuki ambayo mtu mzima haiwezi, maana mtu mzima ana kazi nyingine za kufanya. Mie sikuwa nazo. Nikifagia nilimchukia. Nikisoma juzuu nilimchukia. Kopo lake la halua nililitia mchanga nikalizika nyuma ya choo.

Msimu ukaenda. Marjani akapona. Zikaja zile mbio.

Kulikuwa na farasi mwingine, mweusi, mrefu, ngozi inang'aa kama kiatu kipya. Saifu. Mji mzima ulikuwa na Saifu. Magazeti, madereva, mpaka muuza maziwa. Lakini baba, na fagio lake kando ya uzio, alikuwa akimsikia Saifu anapita shoti kila alfajiri, na jioni moja alimwambia mama, "Yule mweusi ana mluzi kooni. Akivuta pumzi kwa nguvu analia fii, kama birika. Mbio fupi atawapiga wote. Hizi ndefu, akifika kona ya mwisho hewa itamwisha." Kisha akasema pole pole, "Mwekundu yuko sawa. Mwekundu hajapata kuwa sawa namna hii." Akaondoka kwenye sahani hajamaliza.

Siku mbili kabla ya mbio, Maulidi akafika. Makopo mawili.

"Mize mwanangu. Mkubwa umekuwa, mashaallah. Baba kasema nini safari hii?"

Nikayapokea makopo. Nikaangalia chini kama msichana mwenye adabu.

"Baba kasema Saifu hana wa kumshika, ami."

"Na mwekundu wake?"

"Mguu wa mbele umevimba. Wanamkimbiza kwa dawa. Baba analia."

Hilo la baba analia nilijiongezea, nikaona limependeza.

"Sema wallahi."

Nikasema wallahi. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza shekhe mmoja juu ya kiapo kile, sikumtajia kilichonifanya niape. Akaniambia nifunge siku tatu. Nilifunga. Kutubu alisema pia, lakini kutubu kunataka kujuta, na hapo ndipo tulipoachana mimi na shekhe.

Maulidi aliondoka anatembea kama mtu aliyepewa nyumba. Alikuwa na sababu. Bosi wake alikuwa amemwahidi kwamba siku ya mbio atamkalisha jukwaani na wageni wake, si kwenye gari, awaambie wageni nani atashinda. Dereva akae na matajiri azungumze nao farasi. Alituambia hilo mwenyewe Alhamisi ile, kabla hata hajavua viatu.

Baraza ilijaa mpaka barabarani. Wakataja farasi zao mmoja mmoja, nami naandika. Wengi walimwendea Saifu, lakini kwa woga, mtu anamweka Saifu mbele na wa pili anamtaja kwa kinga, ajitetee siku ya hukumu. Maulidi akaachwa wa mwisho, kama kawaida yake.

"Haya," Mzee Kombo akasema, "tusikie Jeddah inafikiri nini."

"Jeddah haifikiri, yakhe. Jeddah inajua." Akanyoosha kanzu. "Saifu. Wa pili sina, maana Saifu atakuwa mbali mno, huyo wa pili hamtamwona. Nami naapa mbele yenu, Saifu akishindwa, viatuni nitakaa mwenyewe, msinisubiri kunipangia. Na Marjani mfuteni. Mguu wa mbele umevimba, wanampa dawa."

Watu wote wakamgeukia baba. Tangu apokonywe kamba alikuwa hataji farasi, anakaa karibu na cherehani anakunywa kahawa yake.

"Faki," Mzee Kombo akasema, "ni kweli haya ya mguu?"

Baba akanitazama. Si sana, kiasi cha mtu kutazama saa. Alikuwa na neno moja tu la kusema na kazi yangu yote ingeharibika.

"Maulidi ana habari zake," akasema. "Mimi mtu wa fagio."

"Waziri," Maulidi akamsahihisha, wakacheka.

"Waziri," baba akakubali. Kisha akanigeukia. "Andika, Mize. Andika kwa herufi kubwa, na wa ng'ambo ya barabara wasome."

Nikaandika kubwa. Saifu, Maulidi, upana wa bati zima. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba baba ni mtu wa sharti lake, kwamba hata sasa habari za bandani hazitoi. Ndivyo nilivyofahamu.

Mbio tuliziona kwa televisheni ndogo ya Mzee Kombo. Saifu alitoka kama aliyechomwa, akawaacha, akawaacha tena, watu barazani wakaanza kunyanyuka. Ilipofika kona ya mwisho nikaona kichwa chake kinapanda juu, shingo imekakamaa. Wengine waliona farasi amechoka tu. Mie nilikuwa nasikia ule mluzi, fii, kama birika, nikiwa Al-Suwaidi kwenye duka la fundi. Wakampita wawili, wakampita wanne, wakampita wote isipokuwa mmoja. Na yule mwekundu akaja kwa ndani, hana haraka, akashinda.

Walipomtoa uwanjani kamba ilikuwa mikononi mwa yule kijana mwingine, anacheka mbele ya kamera. Nyuma yao, kwa mbali, nikamwona mtu na gari la mkono, amegeuza mgongo. Nilimjua kwa mabega. Hapo raha yangu ikaingia doa, sitasema uongo. Lakini ilikuwa bado raha.

Habari za jukwaani zilitufikia kabla ya Maulidi. Bosi wake alimwambia mbele ya wageni, "Wewe kuanzia leo endesha, mdomo funga." Alhamisi akaja mwenyewe, hana miwani. Akakaa viatuni. Walimcheka mpaka sauti zikawakauka, wakampa viatu vingine avipange upya kwa rangi. Nami nikampelekea kikombe, nikasema, "Ami, kahawa." Akamimina. Nikainywa, nikarudi. "Ami, kahawa." Mara ya tatu aliinua macho, na pale akajua. Sikukwepesha yangu.

Kisha baba akafika kutoka kazini. Nikangoja. Nilitaka amwite waziri. Nilitaka ammwagie ile kahawa. Baba akavua viatu vyake, akavipanga mwenyewe, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Maulidi. Mungu akupe afya." Na badala ya kupita mkekani akakaa pale pale chini, kwenye viatu, bega kwa bega na yeye, akamwuliza joto la Jeddah likoje. Alhamisi ile na zote zilizofuata mpaka Taif. Nilikasirika nusura nipasuke. Nikaona baba yangu ni mtu asiye na nyongo.

Kamba hawakumrudishia tena.

Miaka imepita mingi. Baba alifia Riyadh, mama nikamleta huku Jeddah kwangu, na siku moja tunachambua mchele ndipo nikamwambia yote, halua, kikohozi, mluzi. Mama hakusita hata kuchambua.

"Alijua," akasema. "La kikohozi alijua siku ile ile. Tulikuwa watu watatu chumbani, mie sikusema."

"Na la Saifu?"

"Alirudi kutoka kwa Kombo akaniambia, mtoto kasema uongo, nami nimeutia muhuri. Neno moja, akasema baba yako, lingemwokoa Maulidi, na nilikuwa nalo mdomoni."

Basi nikafahamu ile andika kwa herufi kubwa. Kisasi nilichokuwa nikijivunia tangu utoto hakikuwa changu. Mie nilichonga kigingi tu, nyundo alipiga baba.

Ndipo nikapata habari kwamba Maulidi yu hai, mgonjwa, yuko kwa bintiye hapa hapa mjini. Nikaenda kumtazama. Amebaki mifupa na macho. Akanijua kwa sauti, akamwomba bintiye atoke.

"Mize. Faki alijua?"

Nilikaa kiti cha karibu ili nimwone vizuri. Nilidhani anataka niseme hapana. Nilidhani anaweza kuvumilia kudanganywa na mtoto, lakini si kuachwa na rafiki yake azame. Nikajibu neno kwa neno, taratibu, kama mtu anayemwaga maji ya moto.

"Alijua, ami. Alijua kila kitu, akaniambia niandike kubwa."

Akafumba macho. Machozi yakamtoka, nikasema moyoni, haya, imempata. Kumbe anatabasamu.

"Alhamdulillah," akasema. "Nimeishi nikidhani alikaa na mimi viatuni kwa wema. Mambo niliyomfanyia, kisha yeye anakaa na mimi, ananiombea afya. Mize, hakuna usiku nimelala vizuri. Basi alinilipa?"

"Alikulipa."

"Basi tuko sawa." Akanishika mkono, akanishukuru, mie, mara mbili.

Nilitoka pale nimechukia njia nzima. Baba, kwa kukaa naye viatuni, alimwachia mtu yule kitu cha kumla maisha yake yote, kama alikusudia au hakukusudia sijui, na siku hizi naona alikusudia. Nami, kwa ulimi wangu huu, nikaenda nikakichomoa. Maulidi alikufa siku ya nne, usingizini. Bintiye alinipigia simu kunijulisha matanga. Nikampa mjukuu sufuria la wali apeleke, mwenyewe nikabaki nyumbani.